Mpaka Usioonekana na Mashahidi Wanne

Ndugu msomaji, miongoni mwa maswali yanayowajia sana wafundishaji wa dini kutoka kwa watu wanaoutafuta ukweli ni hili: Je, ni kweli kwamba wataalamu wameupata angani ule ulinzi wa mbingu unaotajwa katika Sura Al-Anbiyaa ya Kurani Tukufu? Wako wahubiri wanaojibu papo hapo: Naam, ulinzi huo ni nguvu ya sumaku ya dunia, na jambo limekwisha. Na wako wakanushaji wanaocheka na kusema kwamba huko juu hakuna kitu ila chembe zinazogongana. Kwa maoni yangu wote wawili wana haraka. Kabla ya kulitumia jambo kuwa hoja ya dini, au hoja dhidi ya dini, yatupasa tujue ni kitu gani hasa kilichopimwa, kilipimwaje, na waliokipima walisimama wapi walipokuwa wakikipima. Habari yenyewe ni ya kupendeza, tena inamhusu sana mtu ambaye bado yumo njiani akiitafuta dini ya kweli. Kwa hiyo naomba unisikilize kwa utulivu.

Yafaa ifahamike kwamba dunia yetu ni kama sumaku kubwa. Chini yetu, baada ya kilomita 2,900 hivi za miamba, kuna chuma kilichoyeyuka kinachozunguka-zunguka daima, na mwendo wake huzaa umeme na nguvu ya sumaku. Nguvu hiyo ndiyo iigeuzayo sindano ya dira ambayo manahodha huitegemea wasipoiona nchi kavu. Wala haikomi juu ya uso wa ardhi. Huenea angani pande zote, na eneo lile inamoenea huitwa uga wa sumaku.

Lau anga ingekuwa tupu kabisa, uga huo ungezidi kwenda mbali huku ukififia, usiwe na mwisho wowote wa kuonyesha kwa kidole. Lakini anga si tupu. Kutoka katika jua huvuma daima upepo, si upepo wa hewa kama kusi na kaskazi, bali mkondo wa chembe ndogo mno zenye umeme, yaani protoni na elektroni, ziendazo kwa mwendo wa kilomita 400 hivi kwa kila sekunde, na mara nyingine hata mara mbili ya hapo. Upepo huo wa jua ni mwembamba ajabu: katika sentimita moja ya ujazo mna protoni chache tu za kuhesabika. Hata hivyo una nguvu ya kusukuma. Huusukuma uga wa dunia kwa upande wa mchana, nao uga huukinza. Pale msukumo wa upande huu unapolingana na msukumo wa upande ule, hapo pana mpaka, na jina lake la kitaalamu ni magnetopozi. Upande unaoelekea jua, mpaka huo kwa kawaida uko umbali wa mara kumi hivi ya nusu kipenyo cha dunia, yaani kama kilomita 64,000 kutoka kitovu cha dunia. Upande wa usiku uga huvutwa ukawa kama mkia mrefu, unaopita hata njia ya mwezi.

Mpaka huu ulijulikana kwa akili kabla haujajulikana kwa vyombo. Katika miaka ya 1930 na 1931 Sydney Chapman na Vincent Ferraro waliandika kwamba mkondo wa chembe utokao katika jua lazima uzuiwe na sumaku ya dunia, na kwamba dunia itabaki imefunikwa kama aliye pangoni ndani ya mkondo huo. Ilipita miaka thelathini. Kisha chombo cha Marekani kilichoitwa Explorer 12, kilichorushwa Agosti 1961, kilibeba kipima-sumaku hadi huko juu. Kilipokuwa kikiondoka duniani kuelekea upande wa jua, kilionyesha uga wenye utaratibu, halafu ghafula utaratibu ukakatika na fujo ikaanza. Mpaka ulikuwa umeonekana.

Lakini hapo ndipo shida ilipoanza. Chombo kitokacho ndani kwenda nje kilitazamiwa kuuvuka mpaka mara moja tu. Badala yake, mara nyingi vyombo vya namna hii viliuvuka mara tatu, mara tano, hata zaidi katika safari moja. Je, mipaka ilikuwa mingi? Au ulikuwa mmoja unaokwenda mbele na nyuma?

Fikiri juu ya mtu aliyesimama ufukoni usiku wa giza nene, asiyeona chochote ila kuhisi kwa nyayo zake. Maji yanamgusa, kisha yanaondoka, kisha yanarudi. Je, bahari inajaa? Au ni wimbi moja tu limepita? Au yeye mwenyewe, bila kujijua, amepiga hatua kuelekea majini? Miguu yake haiwezi kumwambia. Hali ya chombo kilicho peke yake angani ni hiyo hiyo. Chenyewe, kikiwa huko mbali, huenda kwa kilomita moja au mbili tu kwa sekunde, ambapo mpaka huweza kwenda makumi ya kilomita kwa sekunde. Kwa hiyo kwa kweli si chombo kinachouvuka mpaka, bali mpaka ndio unaokivuka chombo! Tena, tuseme mpaka umechukua sekunde 10 kukipita. Kama ulikwenda kilomita 10 kwa sekunde, basi unene wake ni kilomita 100. Kama ulikwenda kilomita 100 kwa sekunde, unene wake ni kilomita 1,000. Shahidi mmoja, hata awe mwaminifu namna gani, hata awe na vyombo bora vya namna gani, hawezi kutofautisha ukuta mwembamba uendao polepole na ukuta mnene uendao mbio. Hasemi uongo, ila mahali aliposimama hapamwezeshi kujua.

Ndiyo maana mwaka 1977 vilirushwa vyombo viwili pamoja, ISEE 1 na ISEE 2, kwa ushirikiano wa Marekani na Ulaya, vikifuatana katika njia moja. Kwa kulinganisha saa ambayo kila kimoja kiliguswa na mpaka, ilijulikana kwamba unene wake kwa kawaida ni mamia ya kilomita. Faida hiyo ilikuwa kubwa, lakini wawili nao hawakutosha. Wawili hupima mwendo kwa kuufuata ule mstari unaowaunganisha tu. Ukuta ukija kwa kukingama, hesabu yao hupotoka. Ukiongeza wa tatu, bado wote wamelala katika bapa moja, na yanayotokea juu na chini ya bapa hilo hawana habari nayo. Ili ujue mpaka umeelekea wapi na unakwenda kwa kasi gani, unahitaji tofauti tatu za wakati, na tofauti tatu hazipatikani ila kwa vyombo vinne, vilivyopangwa kama piramidi ya pembetatu, kila kimoja kikiwa katika ncha yake. Hata hapo liko sharti: mpaka uwe kama ukuta ulionyooka katika nafasi iliyo kati yao, na mwendo wake usigeuke wakati unavipita. Wataalamu hulitaja sharti hilo waziwazi, nami nawapenda kwa hilo.

Mwanafunzi wa elimu ya Hadithi hataliona jambo hili kuwa geni. Wanavyuoni wa zamani, walipofikiwa na habari juu ya Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w., hawakutosheka na kuhesabu ni watu wangapi wameisimulia. Waliuliza kila mmoja aliipata kwa nani. Watu kumi wakiisimulia habari, na wote kumi wakiwa wameipata kwa mzee mmoja, basi kwa hesabu yao hiyo ni habari ya mtu mmoja, na wale kumi ni mwangwi wake. Lakini habari iliyofika kwa njia nyingi, kutoka kwa watu wa miji mbalimbali ambao haielekei walikaa wakapatana juu ya uongo, hiyo waliiita mutawatiri, na wakaipa daraja ya yakini. Ndivyo ilivyo huko angani. Panga vyombo vinne katika mstari mmoja, au vilaze vyote katika bapa moja, na wingi wao hautakusaidia kuujua mwelekeo wa mpaka. Sharti mmoja asimame nje ya bapa la wenzake.

(Nisije nikadhaniwa nasema kwamba idadi hii ya nne inatokana na mashahidi wanne wanaotakiwa katika Sura An-Nur. La hasha! Nne hii ni ya hesabu za maumbo tu. Wahubiri wanaokamata idadi mbili zinazofanana na kuzifunga pamoja huiletea dini aibu, siyo heshima.)

Shirika la Anga la Ulaya lilivitengeneza vyombo vinne kwa kazi hiyo, na mpango wenyewe ukaitwa Cluster. Tarehe 4 Juni 1996 vilipandishwa vyote juu ya roketi mpya ya Ariane 5, iliyokuwa ikirushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa. Haikupita hata dakika moja: roketi ilipinda, ikavunjika, ikalipuka, na kazi ya miaka mingi ikaanguka vipande vipande. Uchunguzi ulionyesha sababu. Katika mitambo ya kuiongoza roketi mlikuwa na programu iliyorithiwa kutoka Ariane 4. Roketi mpya ilikwenda kwa kasi kubwa zaidi upande-upande, namba moja ikawa kubwa kuliko nafasi iliyowekewa, na mtambo ukazimika. Sasa tazama, msomaji: mtambo huo ulikuwa na mwenzake wa akiba, uliowekwa makusudi ili mmoja ukishindwa mwingine ushike kazi. Lakini ule wa akiba ulikuwa na programu ile ile. Ulikuwa umekwisha kuzimika kabla ya mwenziwe kwa kitambo kidogo kuliko kupepesa kwa jicho, kwa kosa lile lile. Walikuwa wawili kwa kuhesabu, na mmoja kwa asili. Wanavyuoni wa Hadithi wangeutambua udhaifu huo mara moja.

Wenye kazi hawakukata tamaa. Walivijenga vyombo vinne upya, na vikarushwa viwili viwili kwa roketi za Soyuz kutoka Baikonur, nchini Kazakhstan, tarehe 16 Julai na 9 Agosti 2000. Viliitwa kwa majina ya ngoma za kucheza, Rumba, Salsa, Samba na Tango, majina ambayo mimi nisingeyachagua. Lakini vilifanya kazi kwa uaminifu kwa miaka 24, mara vikikaribiana, mara vikiachana kwa maelfu ya kilomita, hata Salsa alipoelekezwa arudi na kuungua katika hewa juu ya Bahari ya Pasifiki ya Kusini tarehe 8 Septemba 2024.

Wala elimu hii haiko mbali sana na nchi zetu kama mtu anavyoweza kudhani. Tarehe 15 Novemba 1971 setilaiti ya Explorer 45, iliyotumwa kuchunguza dhoruba za sumaku ndani ya uga wa dunia, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi.

Kabla sijakuambia vyombo hivi vilipata nini, nataka nikurudishe kidogo kwako mwenyewe. Wewe unayeuchunguza Uislamu, umesimama wapi? Pengine umemjua Mwislamu mmoja tu, jirani mgomvi asiyelipa deni, ukasema dini yake ni hiyo. Au umemjua mmoja aliye mwema sana, ukataka kusilimu kwa ajili yake. Nalo pia ni hatari, maana siku atakapokosea utaona kama mbingu zimeanguka. Au umesoma vitabu kumi dhidi ya dini, na hujatambua kwamba tisa vimenakiliwa kutoka kile cha kwanza. Soma Kitabu chenyewe. Msikilize anayekipinga, lakini muulize naye alipata kwa nani. Tazama maisha ya watu waliokishika kwa muda mrefu, katika shida na katika raha. Kisha simama usiku umwombe Mwenyezi Mungu akuonyeshe njia, maana huo ni ushahidi usioweza kuupata kwa mtu mwingine.

Na wewe uliyekwisha kusilimu, liko jambo lako pia. Mara kwa mara waongofu wapya hulalamika: Miezi ya kwanza sala ilikuwa na utamu, sasa naona ukavu, je, Mungu ameniacha? Ndugu yangu, usihukumu kwa nyayo zako peke yake gizani. Huenda ni wimbi limepita. Huenda ni wewe uliyesogea, kwa biashara, kwa usingizi, kwa marafiki. Zungumza na waliotangulia njiani, linganisha hali yako na yao. Ndiyo mojawapo ya hekima za kuamrishwa kusali pamoja katika jamaa.

Sasa turudi angani. Vyombo vinne vilipoanza kulinganisha, ule ukuta ambao watu waliufikiria kuwa umetulia ulionekana kuwa na uhai wa ajabu. Kwenye mbavu za mpaka, mahali upepo wa jua unapopita kwa kasi kando ya uga, Cluster ilionyesha mawimbi yanayojikunja kama ya bahari yanapokaribia kuvunjika. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2004. Vyombo vingine vitano vya Marekani, vya mpango wa THEMIS, vilivyorushwa tarehe 17 Februari 2007, vilikuwa vikifuatana kama shanga katika uzi wakati mkondo wa ghafula ulipoupiga mpaka upande wa jua. Kumbukumbu zao za tarehe 7 Agosti 2007 zilipochunguzwa na Martin Archer na wenzake, ikatangazwa mwaka 2019 kwamba mpaka ulikuwa umetikisika kama ngozi ya ngoma iliyopigwa, tikiso moja likichukua dakika tisa hivi. Lau kingekuwako chombo kimoja tu, mtikisiko huo ungesomwa kama mpaka kwenda na kurudi bila mpango.

Lakini jambo kubwa zaidi ni milango. Mwaka 1961 Mwingereza James Dungey alitoa wazo ambalo wengi hawakulipokea upesi. Upepo wa jua nao hubeba uga wake wa sumaku. Upande wa mchana wa dunia, uga wetu huelekea kaskazini. Ikiwa uga unaokuja na upepo umeelekea kusini, kinyume na wetu, basi mistari ya nguvu ya pande mbili huweza kukatika na kuungana upya, wa nje na wa ndani wakawa mmoja, kama kamba mbili zilizokatwa na ncha zake zikafungwa kwa kubadilishana. Hapo mpaka hufunguka, na chembe pamoja na nguvu za jua huingia. Vyombo vya ISEE vilitoa ushahidi wa kuunga mkono wazo hilo katika mwaka 1979. Kuona kiini chenyewe cha kukatika na kuungana kulihitaji vyombo vilivyokaribiana mno. Marekani ilirusha vinne vya mpango wa MMS tarehe 12 Machi 2015, navyo viliweza kuruka vikiwa vimetengana kwa kilomita 10 hivi tu, vikipima elektroni zaidi ya mara thelathini katika kila sekunde. Tarehe 16 Oktoba 2015 vilipita mahali penyewe, na mwaka 2016 James Burch na wenzake wakaeleza namna elektroni zilivyoonekana zikiwa katika tendo hilo.

Kufunguka kwa milango hiyo si jambo la vitabuni tu. Usiku wa tarehe 13 Machi 1989 dhoruba ya sumaku iliyotokana na jua ilizima umeme katika jimbo la Quebec, Kanada, na watu milioni sita wakakaa gizani kwa muda wa saa tisa hivi.

Basi tutamjibu nini yule aliyeuliza juu ya ulinzi wa mbingu? Mimi humwambia hivi. Ulinzi upo, nao umepimwa: sehemu kubwa ya upepo wa jua hugeuzwa kando na haifiki kwetu. Lakini usiseme kwamba sumaku ndiyo ulinzi wote, kwa sababu hewa iliyo juu ya vichwa vyetu, ambayo uzito wake ni kama wa maji yenye kina cha mita kumi, hutukinga na mengi ambayo sumaku haiyazuii. Wala usirudie bila kufikiri yale yanayosemwa kwamba pasipo sumaku sayari lazima ipoteze hewa yake. Mirihi haina sumaku kama yetu, na kweli imepoteza sehemu kubwa ya hewa yake. Lakini Zuhura nayo haina, na hewa yake ina mgandamizo wa mara 90 hivi ya hewa yetu. Wataalamu wangali wakijadiliana juu ya hilo, na mhubiri anayeficha Zuhura akaonyesha Mirihi peke yake ametoa nusu ya ushahidi. Kurani Tukufu haikutaja sumaku. Inamwita mtu azitazame mbingu, atafakari. Na anayetazama kwa uaminifu hana haja ya kuificha sayari yoyote.

Naye akiuliza tena: Mbona basi ulinzi huu una milango, na je, hufunguka ovyo tu? Mwambie kwamba haufunguki ovyo. Hufunguka zaidi uga wa upepo unapoelekea kusini, na hupunguza sana kupitisha unapoelekea kaskazini. Kwa hiyo vimewekwa vyombo mbele ya dunia, umbali wa kilomita milioni moja na nusu kuelekea jua, ili kutazama upepo umebeba uga ulioelekea wapi. Na upepo ukiwa katika mwendo wake wa kawaida, tangu uvipite hadi ufike mpakani hupita muda wa saa moja hivi, ambao wasimamizi wa mitambo ya umeme huutumia kujitayarisha.